Kubalehe kwa binti: Lini ni mapema, lini ni kuchelewa?

BINTI wa Gredi ya Nne anamwambia mamake kwamba kifua kinamuuma. Mama akipapasa anakuta kivimbe kigumu mfano wa kifungo cha shati chini ya chuchu moja. Upande wa pili hakuna kitu. Usiku huo mama hapati usingizi, kwani neno linalomjia akilini ni saratani.

Kwa msichana wa umri huo, kivimbe hicho kwa kawaida ni titi linaloanza kuota. Mara nyingi huanza upande mmoja, na wa pili ukafuata miezi michache baadaye. Kisikandwe wala kuchuliwa dawa. Tena kisikatwe kwa haraka, maana kukikata ni kuondoa titi lenyewe kabla halijakua. Mzazi mwenye wasiwasi amwone daktari.

Kwa wasichana wengi hii ndiyo dalili ya kwanza ya kubalehe, nayo hutokea wakati wowote kati ya miaka 8 na 13. Ndiyo sababu utakuta darasani msichana aliyekwisha kuvunja ungo ameketi na mwenzake ambaye kifua chake bado ni cha mtoto, na wote ni wazima.

Utaratibu wake

Ubongo huamsha tezi ndogo iliyo chini yake, nayo tezi huzituma ovari zitoe homoni iitwayo estrojeni. Matiti huota, nywele za sehemu za siri hutokea, na binti hurefuka kwa kasi, pengine sentimita 8 kwa mwaka.

Hedhi huja karibu na mwisho wa safari hiyo, kwa kawaida miaka miwili hadi mitatu baada ya matiti kuanza kuota. Baada ya hapo wengi huongeza sentimita chache tu za urefu. Katika miaka miwili ya kwanza hedhi yaweza kuruka mwezi, na hilo si ajabu.

Chakula kina mchango mkubwa. Huko Ulaya, katika karne ya 19 wasichana wengi walivunja ungo wakikaribia miaka 16 au 17. Siku hizi ni kati ya 12 na 13, kwa kuwa lishe imekuwa bora na maradhi ya utotoni yamepungua. Uzito wa kupita kiasi huharakisha mambo, na utapiamlo au ugonjwa wa muda mrefu huyachelewesha. Urithi nao una nafasi yake: mama akumbuke alianza lini.

Mpeleke kwa daktari iwapo:

• Matiti yameanza kuota kabla ya miaka 8. Mifupa yaweza kukomaa mapema na binti akabaki mfupi, na mara chache kuna ugonjwa uliojificha.

• Amefika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti.

• Amefika miaka 15 bila hedhi, au imepita miaka mitatu tangu matiti yaanze.

• Hedhi inazidi siku 7, au damu ni nyingi hata anabadilisha sodo kila saa.

Bado ni mtoto

Hatari kubwa kwa anayetangulia wenzake hutoka kwa watu wazima. Majirani humwita mrembo, makanga humtania, na nyumbani huambiwa kwamba ameanza tabia mbaya. Tabia haioteshi matiti. Huyo ni mtoto wa miaka 10, na akili yake ni ya miaka 10. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 humhesabu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18.

Ajue pia kwamba mimba yaweza kuingia hata kabla ya hedhi ya kwanza, kwa sababu yai hutangulia damu.

Mzazi, kile kivimbe kilichokunyima usingizi kimekupa notisi ya miaka miwili hivi. Itumie. Mweleze binti yako kuhusu damu kabla hajaiona, mwonyeshe jinsi ya kutumia sodo, na umtilie moja kwenye mkoba wa shule. Usipomweleza wewe, atajifunza kwa hofu, katika choo cha shule, akidhani kwamba anakufa.