Dola 24,000 kwa Mwaka: Masharti ya Mapato kwa Mgeni Anayetaka Kustaafia Kilifi

Kwa miaka mingi, wastaafu kutoka Italia, Uingereza, Ujerumani na mataifa mengine wamekuwa wakija kuishi Malindi, Watamu na mji wa Kilifi. Baadhi yao wameoa au kuolewa hapa, wengine wamejenga nyumba, na nyumba hizo zimewapa kazi wapishi, walinzi na watunza bustani wa vijiji jirani. Hatima ya mgeni mmoja kuhusu kibali chake cha kuishi nchini huigusa pia familia iliyooana naye, mwenye nyumba anayempangisha na wafanyakazi wanaomtegemea.

Hata hivyo, masharti ya kibali hicho hayaeleweki vyema. Wapo wanaodhani kwamba kununua nyumba kunatosha. Wapo wanaoamini kwamba akiba kubwa benki humaliza mambo. Sheria ya Kenya hupima jambo jingine: kiasi cha pesa ambacho mgeni ana uhakika wa kukipata kila mwaka bila kufanya kazi ya mshahara. Makala haya yanaeleza kipimo hicho, mahali ambapo waombaji wengi wanaweza kukwama, na watu ambao hawahitaji kabisa kupitia njia hiyo.

Ni vyema kufahamu kwanza kwamba Serikali ya Kaunti haitoi vibali vya uhamiaji. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, masuala ya uraia na uhamiaji ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kaunti hushughulikia leseni za biashara, ada za ardhi na idhini za ujenzi. Stakabadhi hizo, hata zikiwa halali zote, hazimpi mgeni ruhusa ya kuishi nchini.

KIBALI CHA DARAJA LA K

Mgeni anayeingia Kenya kwa matembezi hutumia idhini ya kielektroniki ya kusafiri, eTA, iliyochukua nafasi ya viza kuanzia Januari 2024. Idhini hiyo ni ya ziara ya muda mfupi, kwa kawaida isiyozidi siku 90. Anayetaka kuishi hapa kama mstaafu anahitaji kibali cha Daraja la K, kinachotolewa chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 na kanuni zake za mwaka 2012.

Masharti makuu ni haya. Mwombaji awe na umri usiopungua miaka 35. Awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, yaani wastani wa dola 2,000 kwa mwezi. Mapato hayo yawe yake mwenyewe na awe huru kuyatumia apendavyo. Aahidi kwamba hatachukua kazi yoyote ya mshahara. Mwisho, kuwepo kwake kuwe na manufaa kwa Kenya.

Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, dola 24,000 ni takriban shilingi milioni 3.1. Pesa hizo zinaweza kutoka nje ya nchi na kuletwa Kenya, kama vile pensheni ya Ulaya. Zinaweza pia kutokana na mali iliyoko Kenya, pensheni inayolipwa kutoka Kenya, au mtaji ulioletwa na kuwekezwa hapa wa kutosha kuzalisha kiasi hicho.

Neno la kushikilia hapa ni "uhakika". Pesa zilizoingizwa kwenye akaunti kwa mkupuo mmoja, wiki moja kabla ya kutuma maombi, hazionyeshi mapato ya kila mwaka. Barua ya shirika linalolipa pensheni, ikiambatana na taarifa za benki zinazoonyesha malipo yakiingia mwezi baada ya mwezi, ndiyo inayoeleza habari inayotakiwa. Mgeni anayeshauriwa na broka akope pesa ili "ajaze akaunti" anaelekezwa pabaya.

Kenya si nchi pekee yenye utaratibu wa namna hii. Hispania humtaka mgeni anayetaka kuishi huko bila kufanya kazi aonyeshe takriban euro 2,400 kwa mwezi, na nyongeza ya euro 600 kwa kila mtegemezi. Thailand humruhusu mstaafu mwenye miaka 50 na zaidi kuonyesha ama mapato ya bahti 65,000 kwa mwezi, ama akiba ya bahti 800,000 benki. Kwa hivyo mgeni aliyezoea kusikia habari za Thailand huweza kufika Kilifi akidhani akiba inatosha. Hapa, akiba husaidia pale tu inapowekezwa ikazalisha mapato yanayofikia kiwango.

HESABU NI YA DOLA, PENSHENI NI YA EURO

Wastaafu wengi wa Pwani hawalipwi kwa dola. Kwa sababu hiyo, kiwango cha ubadilishaji kinaweza kuamua kama mtu ametimiza sharti au la.

Chukua mfano wa mstaafu wa Italia anayepokea euro 1,600 kwa mwezi. Pensheni za Italia huwa na malipo ya kumi na tatu, yanayotolewa mwezi Desemba. Akihesabu miezi 12 pekee, atapata euro 19,200. Akihesabu malipo yote 13, atapata euro 20,800. Hivyo basi, hesabu ifanywe kwa mwaka mzima, na barua ya pensheni itaje jumla ya mwaka.

Sasa tuseme euro moja inabadilishwa kwa dola 1.10. Euro 20,800 zitakuwa dola 22,880, na mstaafu huyu atapungukiwa na dola 1,120. Euro ikipanda hadi dola 1.16, pensheni ileile itakuwa dola 24,128, na atakuwa amevuka kiwango kwa dola 128 tu. Hakuna kilichobadilika katika maisha yake isipokuwa soko la fedha. Kwa kuwa kibali huwa na muda na hulazimika kuhuishwa, mtu aliye kwenye ukingo kama huo anapaswa kutafuta chanzo cha pili cha mapato mapema, badala ya kungoja mwezi wa kuhuisha kibali.

PENSHENI YA SERIKALI YA UINGEREZA

Waingereza wana hesabu yao. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, pensheni kamili ya serikali chini ya mfumo mpya ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, takriban pauni 11,973 kwa mwaka. Pauni moja ikibadilishwa kwa dola 1.30, hizo ni karibu dola 15,565. Anayeitegemea pensheni hiyo peke yake anapungukiwa na zaidi ya dola 8,400. Atahitaji pensheni ya mwajiri wake wa zamani, pango la nyumba au mapato mengine ya kudumu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuhama. Uingereza huongeza pensheni ya serikali kila mwaka kwa wastaafu wanaoishi nchini humo na katika nchi kadhaa zilizo na makubaliano nayo. Kenya haimo katika orodha hiyo. Mstaafu anayeishi hapa hubaki na kiwango alichokuwa nacho alipohamia, au alichoanza nacho ikiwa alianza kulipwa akiwa tayari Kenya. Miaka kumi baadaye, bei za dawa, umeme na chakula zitakuwa zimepanda, ilhali pensheni yake iko palepale. Hili linamhusu pia Mkenya aliyefanya kazi Uingereza na kurudi nyumbani uzeeni.

MUME NA MKE

Kwa kuwa sheria hutaka mapato yawe ya mwombaji mwenyewe, wanandoa wasitegemee kujumlisha pensheni mbili ndogo ili kufikia dola 24,000. Njia ya kawaida ni mmoja aliyetimiza kiwango kuomba kibali, kisha mwenzake aombewe pasi ya mtegemezi.

Njia hiyo ina udhaifu wake. Pasi ya mtegemezi husimama juu ya kibali cha mwingine. Mwenye kibali akifariki, aliyebaki hulazimika kutafuta hadhi yake mwenyewe kisheria, na hapo mapato huwa yameshuka. Nchini Italia, kwa mfano, mjane asiye na watoto wanaotegemea pensheni hiyo kwa kawaida hupokea asilimia 60 ya pensheni ya marehemu. Ikiwa mume alipokea euro 30,000 kwa mwaka, mke atabaki na euro 18,000. Hata kwa kiwango cha dola 1.16 kwa euro, hizo ni dola 20,880, chini ya kiwango cha Daraja la K. Wanandoa wanaopanga kuzeeka Kilifi wanashauriwa kufanya hesabu hiyo wote wawili wakiwa hai.

Familia zinazowatunza wazee pia zizingatie uthibitisho wa kuwa hai. Mashirika ya pensheni ya Ulaya hutuma fomu mara kwa mara kuthibitisha kwamba mstaafu aliye ng'ambo bado yu hai. Fomu isiporudishwa kwa wakati, malipo yanaweza kusimamishwa, na taarifa za benki zikaonyesha pengo wakati ambapo zinahitajika zaidi.

NYUMBA, BIASHARA NA LESENI YA KAUNTI

Kununua nyumba hakumpi mgeni haki ya ukaaji. Kifungu cha 65 cha Katiba humruhusu mtu asiye raia kumiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Umiliki huo ni wa ardhi pekee. Dalali anayeuza nyumba kwa ahadi kwamba "kibali kimo ndani ya bei" anauza kitu asicho nacho.

Vilevile, kibali cha Daraja la K hakimruhusu mstaafu kuajiriwa. Akitaka kuendesha mkahawa, hoteli au biashara nyingine, anaingia katika Daraja la G, la wawekezaji na wafanyabiashara, ambalo huhitaji mtaji usiopungua dola 100,000. Leseni ya biashara ya kaunti haichukui nafasi ya kibali hicho. Kuishi nchini bila kibali ni kosa linaloweza kuleta faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Wakenya wanaokusudia kushirikiana na mgeni kibiashara wanahimizwa kuuliza ana kibali cha daraja gani kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

MKENYA ANAYERUDI NYUMBANI

Kundi moja halipaswi kuhangaika na dola 24,000: waliozaliwa wakiwa raia wa Kenya. Wapo waliochukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010 na, kwa sheria ya wakati huo, wakapoteza uraia wa Kenya. Leo wakirudi na pasipoti ya kigeni huambiwa na watu wasiojua kwamba watafute kibali cha kustaafu. Kifungu cha 14 cha Katiba huwapa haki ya kuomba kurejeshewa uraia wao. Raia hahitaji kibali, wala haulizwi mapato yake.

Waliochukua uraia wa kigeni baada ya Katiba hiyo kuanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 hawakupoteza uraia wao wa kuzaliwa, ila sheria huwataka watoe taarifa ya uraia pacha ndani ya miezi mitatu. Wanaohusika na Ujerumani wafahamu kwamba nchi hiyo ilianza kuruhusu uraia zaidi ya mmoja kuanzia tarehe 27 Juni 2024.

Kwa mgeni aliyeoana na Mkenya, Kifungu cha 15 humpa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia ndoa ikiwa imedumu kwa angalau miaka saba. Kabla ya hapo, anaweza kuomba pasi ya mtegemezi kupitia mwenzi wake. Cheti cha ndoa kilichosajiliwa ni muhimu katika hatua zote mbili.

HATUA ZA KUFUATA

Mgeni anayetaka kustaafia katika kaunti hii anashauriwa:

1. Kukokotoa mapato yake ya mwaka mzima kwa dola, na kuhakikisha yanazidi kiwango kwa kiasi cha kuhimili mabadiliko ya soko la fedha.

2. Kupata barua rasmi kutoka kwa kila shirika linalomlipa, yenye jumla ya mwaka. Barua iliyo katika lugha ya kigeni itafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa.

3. Kuandaa taarifa za benki zinazolingana na barua hizo.

4. Kutuma maombi mtandaoni kupitia mfumo rasmi wa Idara ya Uhamiaji, kulipa ada humo humo, na kuhifadhi risiti. Pesa zisipelekwe kwa simu ya mtu binafsi.

5. Kujisajili kwa kitambulisho cha mgeni ikiwa atakaa nchini zaidi ya siku 90.

6. Kuanza mipango ya kuhuisha kibali miezi kadhaa kabla hakijaisha.

Wakazi wanaowatunza wazee wa kigeni, wawe wenzi, watoto au waajiriwa, wanahimizwa kukagua tarehe ya mwisho ya kibali cha mzee wao wiki hii. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye kibali chenyewe, na kuisoma ni bure.