Viza ya biashara ya China: mambo ambayo wafanya biashara wa mashariki wanapaswa kuchunguza mbele ya kulipa tikiti

Simu, vipande vya pikipiki, sufuria, viatu vya watoto: mali nyingi inayouzwa Kadutu huko Bukavu, Virunga huko Goma ao soko la Kenya huko Lubumbashi inatoka China. Wengi wanainunua Kampala ao Dubai, tayari imeongezewa bei. Ndiyo maana mwenye kuwa na mtaji wa kutosha anatamani kufika mwenyewe Guangzhou ao Yiwu.

Kwa majirani, njia imekuwa nyepesi. DRC iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na kisha Kenya, Tanzania na Uganda ziliondolea Wakongomani viza. China bado inaomba viza, na ile ya kununua mali inaitwa M, tangu Septemba 2013. Ambasade iko Kinshasa, kwa hiyo mtu wa Uvira ao Beni anaanza kulipa safari mbele hata ya kujua kama atakubaliwa.

Katika faili, kitu kinachochunguzwa sana ni barua ya mwaliko. Inatoka kwa kampuni ya China ambayo utanunua kwao. Inapaswa kutaja jina lako na tarehe ya kuzaliwa kama zilivyo kwenye pasipoti, sababu ya safari, siku ya kuingia na ya kutoka, miji utakayotembelea, na nani atalipa matumizi. Chini kunakuwa anwani na simu ya kampuni, muhuri, na sahihi ya mkubwa wake. Barua ya kununua kwa komisioneri inaweza kuwa na hayo yote, lakini siku ambasade inapigia kampuni simu na huko hawakujui, viza imekwenda, na pesa pia.

Kuna njia nyingine. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka wa 1957, yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Mnunuzi wa kigeni anajiandikisha kwenye intaneti na kupata mwaliko bila kulipa. Mtu akikuomba dola juu ya barua hiyo, ujue anakuuzia kitu cha bure.

Viza ikipatikana, isome vizuri, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Iko na tarehe ya mwisho ya kuingia China, na mahali pengine iko na hesabu ya siku za kukaa. Ni vitu viwili tofauti. Tuseme tarehe ya mwisho ya kuingia ni 10 Juni, na siku za kukaa ni 30. Aliyeingia tarehe 1 Aprili anapaswa kutoka tarehe 1 Mei, hata kama Juni bado iko mbali.

Na kiwanda hakifuate viza yako. Kinaweza kukuambia ungoje wiki moja tena ili mali ipakiwe kwenye kontena mbele ya macho yako. Kukaa kupita siku, kama si onyo tu, kunaleta faini ya yuani 500 kwa kila siku, mpaka 10.000, ao kifungo cha siku 5 mpaka 15. Kuomba nyongeza kunawezekana kwenye ofisi ya polisi inayoshughulikia wageni, lakini siku 7 angalau mbele ya muda kuisha, na wanaweza kukatala.

Viza M haikubalie kufanya kazi ya mshahara, hata kusaidia ndugu kwa duka lake. Hoteli inakuandikisha yenyewe kwa polisi. Ukilala kwa rafiki, kwa mufano Xiaobei ambako Waafrika wengi wanapanga, wewe na mwenye nyumba muko na saa 24 za kufanya hivyo.

Jambo la mwisho: kuvuka kwenda Hong Kong kunahesabiwa kama kutoka. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu hatarudi Guangzhou, hata kama mali yake bado iko kule.