Trauti wa Gatamaiyu na fedha za kikundi cha Mpendae

MVUVI wa Unguja haoni ajabu kumdanganya samaki. Anayerambaza nguru hufunga manyoya au nyuzi za nailoni juu ya ndoana, akauburura mshipi nyuma ya chombo, na nguru akadhani amepata dagaa. Ajabu kwake ni kusikia kuwa wako watu wanaosafiri kutoka mbali, wakalipia kibali, wakasimama kwenye maji ya baridi kutwa nzima kwa ajili ya samaki wa kiganja kimoja, na wengi wao wakishampata humrudisha mtoni.

Biashara hiyo ndiyo iliyompeleka Kenya mfanyabiashara mmoja wa Mpendae, muuzaji wa ndoana, mishipi na nyavu, ambaye ameomba jina lake lisitajwe kwa kuwa fedha zinazozungumzwa si zake peke yake. Yeye na wenzake saba wana kikundi cha kuweka na kukopa. Mmoja wao alisikia kuwa samaki aitwaye trauti ana bei nzuri kwenye hoteli za watalii, akauliza kwa nini wasimfuge wenyewe kwenye matangi hapa hapa Unguja. Kikundi kikaamua kuwa kabla ya shilingi moja kutoka, mtu aende akamwone samaki mwenyewe anakoishi. Mwandishi wa makala haya alifuatana naye.

Mto Gatamaiyu unapita katika msitu wa jina hilo hilo, kusini mwa safu ya milima ya Aberdare. Kutoka Nairobi ni safari ya asubuhi moja: barabara kuu ya Naivasha hadi Kimende, kisha njia ya udongo inayoingia msituni. Mahali hapo ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukungu hauondoki upesi, mbega wanarukaruka juu ya miti, na mtu aliyezoea joto la Mpendae huomba koti kabla hajaomba chai.

Trauti si mwenyeji wa huko. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland, samaki wakapandikizwa katika Mto Gura, huko huko Aberdare. Walowezi walitaka starehe waliyoizoea kwao. Lishe ya wananchi haikuwa shida yao. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kuzalisha vifaranga huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Tanganyika nayo ilipandikiziwa samaki huyo enzi za ukoloni, katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu upande wa Mbeya.

Chambo cha kweli hakitumiki. Kinachotumika ni nzi wa bandia: ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi hadi ifanane na mdudu. Hapo ndipo ujuzi wa pwani ulipogonga mwamba. Katika mshipi wetu, chubwi ndiyo inayoibeba ndoana. Nzi wa bandia hana uzito, kwa hiyo uzi wenyewe hutengenezwa mnene na mzito, na ndio unaorushwa kwa ufito mrefu.

"Mzee, usitupe ndoana. Tupa uzi, ndoana itafuata," kijana aliyetuongoza alimwambia, baada ya uzi kumzunguka shingoni mara ya pili.

"Mwanangu, sisi kwetu samaki hatumpungii mkono," akajibu, lakini akaendelea.

Ilipita saa tatu kabla hajampata mmoja, mdogo, mwenye madoa ubavuni. Akamshika kidogo, akamwachia.

Mfugaji anayetaka kumwelewa samaki huyu lazima atazame miti kwanza. Trauti hukaa ameelekeza kichwa juu mtoni, akingoja wadudu wanaoletwa na maji au wanaoanguka kutoka kwenye majani. Kivuli cha miti hiyo hiyo huyafanya maji yawe baridi. Humfaa maji ya nyuzi 10 hadi 18 za Selsiasi, yanayokwenda mbio na yenye hewa nyingi. Yakizidi 20 huanza kutaabika, na yakifika 25 mara nyingi hufa. Maji ya kisima cha Unguja hayashuki hadi kiwango anachokitaka, hata mwezi wa Julai.

Basi yapoozwe kwa mashine, atasema mtu. Sawa, lakini umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, unaoingilia Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 takriban miezi mitatu. Hata umeme ukiwa wa kutegemewa kiasi gani, tangi la trauti huhitaji hitilafu ya saa chache tu. Kwa maoni yangu, anayetaka kufuga aangalie mwatiko, ambaye joto na maji chumvi ni kwao, na ambaye amekwisha jaribiwa kwenye mabwawa ya Makoba.

Kilichomvutia zaidi muuza ndoana wetu ni wale nzi. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiuza Ulaya na Marekani nzi waliofungwa kwa mkono, kazi inayohitaji koleo dogo la kubania ndoana, mkasi, uzi na macho mazuri. Manyoya ni habari nyingine. Huko Marekani wako wafugaji wa majogoo ambao nyama kwao si kitu. Wanataka manyoya membamba na marefu ya shingoni na mgongoni. Mwaka 2011 saluni za huko zilipoanza kuwabandika wateja manyoya hayo kwenye nywele, bei ilipanda mara kadhaa, wavuvi wakalalamika hawapati, na mtindo ulipopita bei ikarudi. Aliyenunua wakati wa kilele alibaki na mzigo.

Jogoo wa kienyeji wa Mwanakwerekwe hana manyoya ya aina hiyo. Lakini nguru hachagui kama trauti, wala jodari. Muuza ndoana amepiga hesabu ya chambo bandia kwa ajili ya warambazaji anaowajua kwa majina, ambao ni wateja wake tayari, na kwa maboti ya Nungwi yanayowapeleka watalii kuvua. Mtaji wake ni mdogo sana kuliko wa tangi moja.

Fedha za kikundi bado ziko benki. Wanachama watakutana Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa mweka hazina, na yule aliyeleta wazo la matangi amekwisha omba azungumze wa kwanza.