Wazazi Wapewe Kazi, Taarifa Peke Yake Haitoshi

Katika shule nyingi za msingi za Tanzania, mzazi huitwa kwa mambo mawili: mchango au kesi. Mchango wa uji, wa mlinzi, wa mtihani wa kujipima, wa kupaua boma lililokaa miaka bila bati. Ama kesi ya mtoto aliyepigana, aliyetoroka, aliyevunja kioo. Mzazi aliyezoea wito wa namna hiyo akiona mtoto kaleta kikaratasi, swali lake la kwanza ni shilingi ngapi. Asipokuwa nazo, haendi. Kikao kinafunguliwa mbele ya akina mama wachache na madawati matupu, na mwalimu mkuu anaondoka ameamini kwamba wazazi wa siku hizi hawajali elimu.

Mimi siamini hivyo. Wazazi wa nchi hii wamezifanyia shule kazi kubwa kiasi kwamba hawawezi kuitwa watu wasiojali. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Serikali ilipoamua kila mtoto aingie darasa la kwanza, wanavijiji walifyatua matofali. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza 2002, ada ikiwa imefutwa na watoto wamefurika, ni wao tena waliosomba mchanga na maji. Shule za sekondari za kata zilizosambaa baada ya 2004 zimesimama juu ya jasho lao. Lakini kwa miaka yote hiyo tumemzoesha mzazi kwamba kazi yake inaishia mlangoni mwa darasa. Akishasimamisha ukuta, kinachoendelea ndani hakimhusu.

Elimu bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, iliongeza utata. Wengi walisikia neno "bure" wakaona zamu yao imekwisha. Wizara ililazimika kutoa Waraka Na. 3 wa 2016 kufafanua nani anawajibika kwa nini: sare, madaftari, kalamu, chakula na matibabu ya mtoto vilibaki kwa mzazi. Ufafanuzi ulihitajika, ila nao ulimweleza mzazi kama mnunuzi wa vitu.

Mwaka 2010, vijana waliojitolea chini ya mpango wa Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba nchini wakiwapima watoto kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu waliweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Mzazi aliambiwa matokeo palepale nyumbani kwake. Tumaini lilikuwa wazi: akijua hali ya mwanawe, atachukua hatua.

Nchini Kenya, watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walilipima tumaini hilo. Walilinganisha familia zilizopewa matokeo ya watoto wao, pamoja na maelezo ya namna ya kusaidia, na familia ambazo hazikupewa. Utafiti wao, uliochapishwa 2014, haukuona tofauti ya maana katika mwenendo wa wazazi, iwe nyumbani au shuleni.

Matokeo hayo yanauma, lakini yanaeleweka. Ili habari izae tendo, mzazi anatakiwa aielewe, aone jambo hilo ni wajibu wake, ajue la kufanya, aamini kwamba analiweza, na aamini kwamba likifanyika litaleta mabadiliko. Kikikosekana kimoja, habari inabaki kuwa uchungu tu. Mama aliyeishia darasa la nne akiambiwa mwanawe hajui kusoma, afanye nini kesho asubuhi? Amwendee mwalimu mwenye watoto karibu mia darasani? Amwambie nini?

Jibu zuri nimeliona India, kwa shirika la Pratham, ambalo mtindo wake wa kupima watoto nyumbani ndio uliofuatwa na Uwezo. Katika wilaya ya Jaunpur, vijiji vingine viliitiwa mikutano na kuelezwa haki na mamlaka ya kamati za elimu. Vingine viliongezewa mafunzo ya wanakijiji kuwapima watoto wao wenyewe. Vingine, juu ya hayo yote, vilipata mafunzo mafupi kwa vijana wa palepale waliojitolea kuendesha vipindi vya kusoma baada ya masomo. Njia mbili za kwanza hazikubadili chochote. Ya tatu ilileta maendeleo ya kusoma kwa watoto waliohudhuria. Watu wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wanasubiri kuonyeshwa kazi yenye mwanzo na mwisho.

Uganda nako kuna somo ambalo kila mwenyekiti wa kamati ya shule angelipenda. Watafiti waligawa fomu za kufuatilia shule kwa kamati za shule za msingi. Kamati zilizopewa fomu iliyoandaliwa na wataalamu hazikuleta mabadiliko ya kuonekana. Kwa zile zilizokaa chini, wazazi na walimu pamoja, zikaamua zenyewe cha kufuatilia, utoro wa walimu na wa wanafunzi ulipungua na alama zikapanda.

Kwa hiyo tuanze na kamati. Kila shule ya msingi ya Tanzania inapaswa kuwa nayo, wazazi wakiwa ndani na mwalimu mkuu akiwa katibu. Kazi yake ya kwanza iwe hesabu, kwa sababu hesabu yake si ngumu. Katika utaratibu ulioletwa na elimu bila malipo, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka: 4,000 zibaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ziingie akaunti ya shule. Kwa kiwango hicho, shule ya wanafunzi 600 ilitarajia shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Mzazi muuza mbogamboga anapiga hesabu ngumu kuliko hiyo kila jioni. Abandikiwe kwenye ubao wa matangazo kilichoingia na kilichotumika, kwa lugha anayoielewa, na atauliza maswali yanayostahili. Mwalimu mkuu mwaminifu hana cha kuogopa hapo. Maswali hayo ndiyo yatakayomsafisha mbele ya kijiji.

Nyumbani, kazi iwe ya dakika kumi baada ya chakula cha jioni: mtoto asome kwa sauti. Mzazi asiyejua kusoma pia anaiweza. Atasikia mtoto anapokwama, ataona kama anabahatisha, atamwambia amsimulie alichosoma. Afungue na madaftari. Yakikaa wiki tatu bila wino mwekundu, kuna jambo la kumuuliza mwalimu wa darasa, na aulize kwa heshima.

Vikao vya shule nzima vina faida ndogo kwa mambo haya, kwani mwenye mtoto wa darasa la kwanza na mwenye mtahiniwa wa la saba hawana ajenda moja. Utaratibu wa ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, wenye wawakilishi kutoka kila darasa, unafungua njia nzuri zaidi. Wazazi wa darasa moja wanafahamiana, na kazi zao zinahesabika: nani atafuatilia watoto watoro wa kitongoji chake, nani atakuja Ijumaa kusimulia ngano. Anayejitolea awe mtu anayejulikana, na asiachwe peke yake na mtoto faraghani. Hilo lisilegezwe kwa yeyote.

Chakula cha mchana kinastahili kikao chake, na ningependa akina baba wakisikie. Tangu mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni wa 2021, wazazi wanahimizwa kuchangia mahindi na maharage, jambo jepesi zaidi wakati wa mavuno kuliko kudai fedha mwezi wa njaa. Lakini mara nyingi wanaokuja kupika, kuteka maji na kukata kuni ni akina mama walewale, huku baba akionekana siku ya kuchagua mwenyekiti. Zamu ziandikwe kwa majina ya wote.

Oktoba uandikishaji wa darasa la kwanza unapoanza, karibu kila mzazi wa mtoto mpya atakanyaga ofisi ya mwalimu mkuu kwa miguu yake, akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi na moyo wenye matumaini. Daftari la siku hiyo huandikwa jina la mtoto, umri na makazi. Iongezwe safu moja ya kuandika kile ambacho mzazi huyo anakijua na siku anayoweza kuja: seremala, mshonaji, bibi mwenye hadithi, mkulima wa mbogamboga, dereva wa bodaboda anayepita njia ya shule kila asubuhi. Kisha, kabla shule hazijafunguliwa Januari, mwalimu wa darasa amtafute kila mmoja na kumpa kazi yake.