Tushukuru kwa Neno "Nipo"

Sisi tunaofundisha shule ya msingi katika bonde la Kilombero hatuhitaji kalenda ili kujua tumefika majira gani. Tunafungua daftari la mahudhurio. Mwezi wa kwanza watoto hufika wamechelewa, matope miguuni, kwa sababu wameanzia shambani. Masika yakikolea, majina mengi hukosa alama. Mwezi wa saba, wakati wa baridi, darasa zima hukohoa. Kiangazi visima vikipungua maji, kuhara huanza. Maembe yakiiva, watoto hutujia na midomo ya njano na furaha tele.

Kwa miaka mingi tulilisoma daftari hilo kama karani asomavyo hesabu zake. Aliyekuwapo tulimwekea alama, asiyekuwapo tukamwandika mtoro. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alitufundisha kulisoma vingine.

Siku nne za utoro

Ilikuwa mwezi wa nne. Mtoto huyo alikosa shule siku nne mfululizo, nasi tukaandika "mtoro" mara nne. Tulijua familia yake imehamia shambani kulinda mpunga, tukasema moyoni, "Anafukuza ndege huyo." Siku ya tano, Jumamosi, tulikwenda kumtafuta, na tukiri kwamba tulikwenda kwa hasira.

Tulimkuta amelala juu ya dungu, anatetemeka, viganja vimepauka. Tulimwamkia bibi yake, "Shikamoo Bibi." Akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani amepona. Alikunywa dawa siku ya kwanza, homa ikashuka, akaomba na uji. Vidonge vilivyobaki nimemwekea mdogo wake, maana naye huugua kila masika." Vidonge vilikuwa ndani ya kikopo, vimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Chandarua kilibaki nyumbani kijijini.

Bibi huyu hakuwa mzembe. Aliweka akiba, kama tunavyofundishwa sote. Lakini dawa si akiba.

Tulimpakia mtoto kwenye baiskeli hadi zahanati, na kutoka huko akapelekwa hospitali, akaongezewa damu. Usiku ule hatukulala. Neno "mtoro" lilikuwa limeandikwa kwa mkono wetu, mara nne.

Homa huja nyuma ya mvua

Tangu hapo tumejitahidi kuelewa kwa nini majina hukosekana mvua zikiwa zimekwisha kukolea, wala si siku zile za mwanzo. Mbu aenezaye malaria hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia, kama ya majaruba ya mpunga na hata ya nyayo za ng'ombe. Kutoka yai hadi mbu mzima ni kama siku 7 hadi 14. Mbu huyo akimwuma mtu mwenye vimelea, vimelea hivyo hukua ndani yake kwa siku 10 hivi au zaidi, ndipo aweze kumwambukiza mwingine. Naye aliyeumwa, mara nyingi homa humwanza baada ya siku 10 hadi 15. Jumlisha, utaona umepita mwezi au zaidi. Mvua tunaiona leo, ugonjwa unatufikia mwezi ujao, na wengi hatutambui kwamba ni safari moja.

Kwa hiyo, tufanye nini?

Kwanza, tuandae chandarua kabla ya mvua, na tukihamia shambani tukibebe pamoja na sufuria na jembe. Hata dungu lina mahali pa kufunga kamba. Hapa kwetu jambo hili lina ushuhuda: mradi wa vyandarua vyenye dawa ulioanza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulionyesha kwamba vilipotumika, watoto wadogo wengi zaidi walinusurika kifo.

Pili, mtoto akipata homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo, akapimwe damu. Si kila homa ni malaria, na dawa ya kubahatisha huchelewesha tiba iliyo sahihi.

Tatu, akipewa dawa mseto amalize dozi yote ya siku tatu, asubuhi na jioni, baada ya kula chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Homa ikishuka siku ya kwanza, vimelea bado vimo mwilini. Wala vidonge vya kaka visiwekewe mdogo wake, kwa maana kila mtoto hupewa kwa kadiri ya uzito wake.

Nne, mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kula au kunyonya, akipumua kwa shida, au akizidi kusinzia, tusingoje kuche. Hiyo ni hatari.

Nasi walimu tuna la kwetu. Mtoto akikosa siku mbili, tuulize kwanza kabla ya kuandika. Siku hizi tunamtuma jirani au tunapita wenyewe jioni, na kabla ya familia kuhamia shambani tunawauliza wazazi, "Chandarua mmekibeba?"

Shukrani ya kila siku

Mwezi wa sita, mpunga ukishaingia ghalani, familia huleta vikapu vyao kushukuru kwa mavuno. Ni desturi njema. Lakini mvua ileile iliyotupa mpunga ndiyo iliyowapa mbu maji ya kutagia. Anayeishukuru mvua kwa dhati huijengea pia kinga, na anayemshukuru Mungu kwa mtoto humfunika kwa chandarua.

Yule mtoto alirudi darasani mwishoni mwa mwezi wa tano, amekonda, shati linampwaya. Tulipoita jina lake aliitika kwa sauti ndogo, "Nipo." Tulinyamaza kidogo, darasa likashangaa. Tangu siku hiyo hatuiti majina kwa haraka. Kila asubuhi watoto zaidi ya sitini hutuitikia neno hilo, na kila moja ni zawadi. Ndugu mzazi, jioni hii hesabu wanao nyumbani. Kama wote wapo, shukuru. Kisha kagua chandarua, ukiona tundu, chukua sindano na uzi.