Ngalawa ya Msasani na Kitenzi *Bisha*

Tofauti ya mtumbwi na ngalawa ni ya kimaumbo kabla haijawa ya kimsamiati. Vyote viwili huchongwa kutokana na gogo moja, aghalabu la mwembe. Ngalawa, kama ionekanavyo pwani ya Msasani, huongezewa mlingoti, tanga na mirengu, yaani miti inayokingamishwa juu ya chombo. Kwenye ncha za mirengu hufungwa matengo, mbao za mshazari zinazoyakanyaga maji chombo kinapolala upande, kisipinduke. Ngalawa ina matengo pande zote mbili. Vyombo vingi vya Bukini vina upande mmoja tu.

Msamiati wa usafiri wake ndio wenye utajiri zaidi. Chombo hubisha kinapokwenda mshazari, huku na huku, kuushinda upepo wa mbele. Barazani mtu hubisha hoja. Mlangoni mgeni hubisha hodi. Maana hizi zote zimo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Lakini nahodha wa boti ya faiba yenye mashine hana haja ya kubisha, na kwa mwanawe kitenzi hicho husalia na ubishi na hodi tu.

Mtafiti hawezi kuyakusanya maneno haya akiwa mezani. Joshi, upande utokako upepo, na demani, upande uendako, havina kulia wala kushoto: hubadilishana kila tanga ligeuzwapo, na anayetweka kwa starehe tu huvijua upesi kuliko msomaji wa kamusi.