Chombo cha Kupimia Nacho Hupimwa

Mkulima wa kahawa wa Meru au Embu apelekapo matunda mabivu kiwandani, jicho lake huwa kwenye mizani. Anajua kwamba mizani ikipotea kidogo, jasho lake la msimu mzima hupungua. Kwa sababu hiyo sheria humtaka mkaguzi wa vipimo aje na mawe yake yaliyohakikishwa, aipime mizani yenyewe na kuipiga muhuri. Lakini ni wachache wanaofikiri kwamba fundi wa redio katika mji wa Meru, Chuka au Embu anayo mizani yake pia, nayo yaweza kusema uongo.

Mizani ya fundi ni vyombo vilivyo mezani pake: jenereta ya mawimbi, osiloskopu na kihesabu masafa. Aghalabu ni vya zamani, maana vipya vina bei kubwa, na chombo cha zamani kilichotunzwa vema si cha kudharauliwa.

Masafa ni nini? Ni idadi ya mitikisiko katika sekunde moja. Wakaaji wa Mbeere wana mfano mkubwa karibu nao. Katika Mto Tana liko bwawa la Kindaruma, lililoanza kutoa umeme mwaka 1968, na baadaye yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Maji huzungusha mitambo, na mwendo wa mitambo ndio huamua umeme utatikisika mara ngapi. Katika Kenya kiwango ni mara 50 kwa sekunde. Watu wengi wakiwasha mashine kwa wakati mmoja, mitambo huelemewa na mwendo wake hupungua, ndipo maji huongezwa ili kuirudisha. Kwa hiyo masafa ya umeme wa nyumbani hupanda na kushuka kidogo mchana kutwa, wala hayafai kuwa kipimo cha fundi.

Ndani ya chombo cha fundi mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi, ambalo likitiwa umeme hutikisika kwa mwendo karibu usiobadilika. Tumesema karibu, kwa kuwa joto hulibadili, na miaka hulibadili. Tuseme limepotea sehemu 20 katika kila milioni. Mtu ataona ni jambo dogo. Lakini redio ya mawasiliano itumiayo masafa ya milioni 150, ikirekebishwa kwa chombo hicho, itapotea mitikisiko 3,000 kwa sekunde, na njia iliyopewa redio ya namna hiyo mara nyingi ina upana wa 12,500 tu. Sauti itakwaruza, tena yaweza kumwingilia jirani katika njia ya pili. Na jirani huyo pengine ni gari la wagonjwa.

Je, jiwe hilo lipimwe kwa nini? Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry walitengeneza saa ya atomi za sesiamu huko Teddington, Uingereza, na mwaka 1967 mataifa yakakubaliana kwamba sekunde moja ni muda wa mitikisiko 9,192,631,770 ya mionzi ya atomi hiyo. Atomi haizeeki kama jiwe. Vyombo vya kazi kubwa hupelekwa kwenye maabara ya vipimo, kama ile ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa mjini Nairobi. Lakini fundi aweza kujipimia mwenyewe mezani pake, kwa kuwa viko vituo vya redio ambavyo kazi yao ni kutangaza masafa yaliyohakikishwa kwa saa za atomi. Kituo cha WWV cha Marekani na kile cha BPM cha Uchina hutumia milioni 5, 10 na 15, miongoni mwa mengine, na hali ya anga ikiwa njema mawimbi yao hufika mbali sana.

Fundi na awashe chombo chake kwanza, akiache kipate moto kwa saa moja au zaidi. Kisha afungulie redio ya masafa mafupi kwenye milioni 10, na kuiweka jenereta yake kwenye milioni 10 pia, waya wake ukiwa karibu na erio bila kuigusa. Atasikia mluzi. Akisogeza jenereta taratibu mluzi utakuwa mzito, mzito zaidi, mpaka utoweke, na mahali pake sauti ianze kuvuma na kufifia. Ni kama wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja: mara michi yao hupishana, mara hugonga pamoja. Sauti ikivuma mara moja kwa kila sekunde, tofauti ni mtikisiko mmoja katika milioni 10. Kwa redio ya kawaida hiyo yatosha kabisa.

Ama vyombo vya zamani vilivyokaa stoo, visichomekwe ghafula. Kapasita zake za maji ya dawa hukauka na huweza kupasuka. Mafundi wenye busara hupitisha umeme kwanza katika balbu ya waya ya wati 60. Ikiwaka kwa nguvu na kuendelea hivyo, chombo kina hitilafu, na balbu imekiokoa. Vyombo vya valvu huhifadhi volti mamia hata baada ya kuchomolewa, navyo vimeua watu. Vumbi na unyevu wa masika pia ni adui, basi kila chombo kifunikwe.

Akimaliza kupima, fundi aandike tarehe na kosa aliloliona, na kuibandika karatasi hiyo ubavuni mwa chombo. Baada ya mwaka mmoja au miwili atajua jiwe lake linakwenda upande gani na kwa kiasi gani, na hatakuwa na haja ya kuzungusha skrubu kila wiki.